Tumeishi miaka 11 bila cheti cha ndoa: mikorosho ni ya nani?

Minada ya korosho inapoanza mwezi wa 10, ujumbe unaoingia katika kipindi chetu cha sheria hubadilika. Wakati wa kupalilia na kupuliza salfa, watu huuliza habari za mipaka ya mashamba na mbuzi walioingia kwenye mihogo ya jirani. Malipo ya mnada yakishaingia benki, maswali karibu yote yanakuwa ya mume na mke.

Msimu huu kuna ujumbe mmoja ulioletwa na mama wa wilaya mojawapo hapa kwetu kusini. Nimebadili mambo machache ili asitambulike, lakini kiini chake ni hiki: ameishi na mwanaume miaka 11, wana watoto 3. Walianza na ekari 2 za mikorosho ambazo mwanaume alipewa na mjomba wake. Leo wana ekari 7, wamejenga nyumba ya tofali na bati. Baada ya malipo ya mnada wa pili, mwanaume amemwambia arudi kwao, kwa kuwa hakumuoa. Hakuna mahari iliyotolewa, hakuna sheikh wala padri aliyewafungisha, hakuna cheti. Anauliza: je, ni kweli sina changu?

Wakili wa masuala ya familia anayekuja studioni kila Jumatano alilijibu swali hilo kwa muda wote wa kipindi, na simu zikaendelea kuingia hata tulipokuwa tumeshaingia kwenye taarifa ya habari. Jina lake siliandiki hapa, kwa sababu kanuni za uwakili nchini haziruhusu wakili kujitangazia biashara, na yeye ni mtu wa kuzifuata kanuni. Haya ni maelezo yake, nimeyapanga kwa maandishi kwa ajili ya wale waliokosa kipindi, na kwa ajili ya wale walioomba vifungu vya sheria ili waende navyo barazani.

Dhana ya ndoa

Sheria inayotawala mambo haya Tanzania Bara ni Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, Sura ya 29 katika vitabu vya sheria. Ni sheria moja kwa wote: Mkristo, Mwislamu, mtu wa dini ya jadi na asiye na dini. Kifungu cha kumwokoa mama wetu ni cha 160. Kinasema kwamba ikithibitika mwanamume na mwanamke wameishi pamoja kwa miaka 2 au zaidi, katika hali iliyowafanya watu wawatambue kuwa mume na mke, basi itachukuliwa kwamba walioana.

Hapa wakili husimama kidogo, maana mitaani watu wana hesabu zao. Wengi wanasema ni miezi 6. Wengine wanasema ukishazaa naye mtoto mmoja tu umekuwa mke. Zote si sheria. Sheria inasema miaka 2, na haiishii kwenye muda peke yake. Lazima muwe mmeishi pamoja. Mwanaume anayefika siku mbili kwa wiki usiku na kuondoka alfajiri kabla majirani hawajaamka, hata akifanya hivyo miaka 5, hajaishi na wewe. Na lazima jamii iwe imewaona kuwa mume na mke. Ukienda msibani unaitwa mke wa fulani. Wazazi wake wanakuita mkwe, wadogo zake wanakuita shemeji. Mwenyekiti wa kitongoji akipita kuandikisha kaya, anawaandika pamoja. Hiyo ndiyo sifa ya mume na mke ambayo mahakama inaitafuta.

Sasa neno dhana. Watu wakilisikia hudhani ndoa imeshapatikana moja kwa moja, kama vile umeandikiwa cheti. Dhana maana yake mahakama inaanza kwa kuamini kuwa mlioana, lakini upande wa pili una nafasi ya kuivunja imani hiyo kwa ushahidi. Anaweza kuonyesha, kwa mfano, kwamba alikuwa na ndoa ya Kikristo ambayo haijavunjwa na mahakama. Ndoa ya namna hiyo ni ya mke mmoja, kwa hiyo aliyefungwa nayo hana uwezo wa kuwa na mke mwingine, hata kwa dhana. Anaweza kuonyesha kwamba ulikuwa mpangaji wake, au mfanyakazi wa ndani, na majirani wote walijua hivyo. Hayo ni mambo ya ushahidi.

Na hata dhana ikivunjwa, mama hatoki mikono mitupu. Kifungu hichohicho cha 160, sehemu ya 2, kinasema akithibitisha kwamba kweli waliishi kama mume na mke miaka 2 au zaidi, anaweza kuomba matunzo yake na ya watoto, na mahakama ina uwezo wa kutoa amri nyingine ambazo ingezitoa kwa wanandoa wanaoachana, pamoja na amri ya nani akae na watoto. Ni sehemu ya sheria ambayo wakili anasema wazee wa mabaraza wengi hawaijui. Wakishasikia hakuna ndoa, wanafunga daftari.

Kuhusu mahari, jibu ni fupi. Kifungu cha 41 kinasema ndoa haibatiliki kwa sababu taratibu za mahari au zawadi hazikufuatwa. Mahari ni heshima ya koo mbili, na wanaoitoa wasiache kuitoa. Lakini mwanaume hawezi kuishi na binti wa watu miaka 11 halafu asimame mbele ya hakimu kusema huyu si mke kwa sababu mimi mwenyewe sikumtolea mahari.

Ekari 2 na ekari 7

Kifungu cha 114 kinaipa mahakama uwezo wa kugawa mali zilizochumwa na wanandoa kwa nguvu zao za pamoja wakati wa ndoa. Hapo ndipo mabishano yote ya msimu wa korosho yanapoishia: nguvu za pamoja ni zipi?

Kwa miaka zaidi ya kumi baada ya sheria hiyo kupitishwa, majaji wenyewe hawakuwa na jibu moja. Wapo waliosema nguvu za pamoja ni fedha. Mke ambaye kazi yake ilikuwa kupika, kulea na kufua hakuchangia kitu, alikuwa anatimiza wajibu wake. Wapo waliosema hapana. Mwaka 1983 shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu likafika Mahakama ya Rufani, mbele ya majaji wakiongozwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali. Mahakama ikaamua kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kuchuma mali ya ndoa. Tangu hapo ndiyo msimamo nchini. Ajabu yenyewe ni kwamba Bi Hawa binafsi hakuondoka na fungu la nyumba, kwa sababu mahakama iliona fedha alizokuwa amepewa na mumewe wakati wa ndoa kwa ajili ya mradi alizifuja. Alishinda hoja, akakosa mali. Wakili hupenda kuikumbusha sehemu hiyo ya pili kwa sababu wengi wanaisimulia kesi hii nusu: mchango wako unapimwa, na uharibifu wako unapimwa pia.

Huku kwetu, kwa kweli, suala la kazi za nyumbani peke yake hutokea mara chache, maana ni nani hapa anayekaa nyumbani tu? Mwanamke wa Newala au Tandahimba yuko chini ya mkorosho tangu shamba linafyekwa. Anapalilia, anasafisha chini ya miti ili korosho zikidondoka zionekane, anaokota, anatenganisha korosho na mabibo, anaanika, anapanga madaraja, anabeba gunia kwenda chama cha msingi. Kupuliza salfa mara nyingi ndiyo kazi ya mwanaume, na ndiyo hiyo inayosifiwa kwenye vikao kana kwamba korosho zinajiokota zenyewe.

Tukirudi kwa mama wetu, mashamba yake ni ya aina mbili. Ekari 5 walizoongeza wakiwa pamoja ni mali ya jasho la wote wawili, akithibitisha. Ekari 2 za mwanzo mwanaume alikuja nazo. Kwa kawaida mali uliyoingia nayo ni yako, sheria inaheshimu hivyo. Lakini kifungu cha 114, sehemu ya 3, kinasema mali ya mmoja aliyoipata kabla ya ndoa huhesabiwa kuwa ya kugawanywa ikiwa iliendelezwa kwa kiasi kikubwa wakati wa ndoa na mwenzake au na wote kwa pamoja. Wakili alimuuliza mama hewani: zile ekari 2 zilikuwa na miti mingapi, na ya namna gani? Akajibu ilikuwa mikorosho mikongwe ya mjomba, mingine ilikuwa imekauka, wakaikata, wakapanda miche iliyobebeshwa ambayo yeye mwenyewe alikuwa akiimwagilia kwa ndoo. Hilo ni jibu tofauti kabisa na kusema "shamba ni la mjomba wake". Mkorosho unachukua kama miaka 3 kuanza kuzaa. Aliyeulea miaka hiyo yote ana neno la kusema.

Mahakama inapogawa hutazama mila za jamii ya wahusika, ukubwa wa mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi, madeni waliyokopa kwa faida ya wote, na mahitaji ya watoto wadogo. Baada ya kuyatazama hayo, sheria inasema mahakama ielekee kwenye usawa. Haisemi nusu kwa nusu kila mara. Anayewaambia kuwa ukifika mahakamani unapewa nusu hata iweje, anawadanganya, na anayesema mwanamke hapewi kitu anawadanganya zaidi.

Kuna jambo la jina. Mfumo wetu wa stakabadhi ghalani unapeleka fedha kwenye akaunti ya aliyeandikishwa kuwa mkulima, na katika kaya nyingi huyo ni baba. Kwa hiyo mama anaokota, baba anapata ujumbe wa benki. Kifungu cha 60 kinasema mali iliyopatikana wakati wa ndoa kwa jina la mmoja itachukuliwa kuwa ni ya huyo mmoja, mpaka itakapothibitishwa vinginevyo. Yaani jina linaupa upande mmoja mwanzo mzuri, halafu mwenzake anabeba kazi ya kuthibitisha. Ndiyo maana wakili hurudia kila msimu: kama mnalima pamoja, waandikisheni wote wawili. Shamba likipimwa na kijiji kikatoa hati ya hakimiliki ya kimila, majina mawili yanaweza kuandikwa humo. Ukiuliza jambo hili mkiwa mnapendana halina shida. Ukiliuliza siku ambayo mizigo imeshawekwa nje, litaitwa uchokozi.

Na wanaume wa ukweni?

Baba mmoja alipiga simu akiwa na hasira. Alisema kila Jumatano tunawatetea akina mama, hatuwajui wanaume waliofukuzwa na mkeka mmoja. Ana haki ya kukasirika, na suala lake linahusu mikoa yetu kuliko mikoa mingine mingi.

Wamakonde, Wayao na Wamakua ni watu wa ukoo wa upande wa mama. Kwa mila ya zamani mwanaume akioa anahamia kwa wakwe, analima huko, na mwenye sauti juu ya watoto ni mjomba wao. Mambo yamechanganyika sasa, hasa mijini na kwa wale walioshika zaidi taratibu za dini, lakini vijijini bado wapo wanaume wengi waliojenga nyumba na kupanda mikorosho kwenye ardhi ya ukoo wa mke. Ndoa ikivunjika, wajomba wanakuja na neno moja tu: ulikuja na nini hapa?

Sheria ya Ndoa haisemi mke peke yake ndiye anayechangia. Kifungu cha 114 ni cha wote wawili. Ikiwa shamba lilikuwa la mke na mume ameliendeleza, ile sehemu ya 3 inamhusu yeye kama inavyomhusu mama wa ekari 7. Ugumu uko mahali pengine. Ardhi ya ukoo ambayo mke mwenyewe hajamilikishwa si mali ya wanandoa, hivyo haiwezi kugawanywa kama mali yao. Hapo madai yanabaki kwenye jasho: nyumba aliyoijenga, miti aliyoipanda. Na hilo linahitaji ushahidi wa nani alinunua bati, nani alilipa fundi, miche ilitoka wapi. Mwanaume anayejenga ukweni bila karatasi hata moja anategemea wema wa mashemeji zake, na wema huo katika miaka yangu ya kusoma ujumbe wa wasikilizaji nimeuona ukipungua bei ya korosho inapopanda.

Nyumba, na mke wa pili

Wapo wanaouza nyumba wakati mke yuko msibani. Kifungu cha 59 kinakataza. Mmoja wa wanandoa anayemiliki nyumba ya ndoa, maana yake nyumba mnayoishi, haruhusiwi kuiuza, kuigawa, kuipangisha wala kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake wakati ndoa bado ipo. Na mwenzake ana haki ya kuendelea kuishi humo mpaka ndoa ivunjwe au mahakama iamue vingine. Kwa hiyo kile kitendo cha kutupa magodoro uani na kubadilisha kufuli hakina baraka ya sheria. Ukitupiwa vitu nje, nenda kwa mwenyekiti wa kijiji siku hiyohiyo, ili iandikwe kwamba hukuondoka kwa hiari yako.

Upande wa mke wa pili, msimu wa fedha ndio msimu wa harusi huku, kila mtu anajua. Ndoa ya Kiislamu na ya kimila sheria inazitambua kuwa zinaweza kuwa za wake wengi, na haikusudii kuzizuia. Lakini sheria hiyo ya 1971 iliweka mlango ambao sijawahi kusikia mtu wa hapa akiutumia. Mtu anayetaka kufunga ndoa anatakiwa kutoa taarifa ya kusudio siku 21 kabla. Kifungu cha 20 kinamruhusu mke aliyepo katika ndoa ya wake wengi kuweka pingamizi dhidi ya ndoa hiyo mpya, kwa mfano akionyesha kwamba kwa uwezo wa mume, kuongeza mke kutaleta dhiki kwake na kwa watoto wadogo. Mwenye kusikiliza pingamizi hilo ni baraza la ndoa. Taarifa zenyewe za siku 21 vijijini hazitangazwi inavyotakiwa, basi mke anajua baada ya pilau kuliwa. Wakili anasema sheria nzuri inayotegemea ubao wa matangazo ambao hakuna anayeusoma ni sawa na kisima bila kamba.

Karatasi ya talaka haitoshi

Kwa wasikilizaji Waislamu, na hapa ni wengi, kuna jambo linalowapotezea akina mama haki bila wao kujua. Mume anaandika talaka, anampa mke, mke anarudi kwao, anakaa eda, maisha yanaendelea. Kidini wameachana. Lakini kwa sheria ya nchi ndoa huvunjwa na mahakama, na mgawanyo wa mali chini ya kifungu cha 114 unafanyika mahakama inapotoa amri ya talaka au ya kutengana. Asiyefika mahakamani hajagawiwa, na kila msimu unaopita miti inazaa kwa mwingine.

Sheria haikuipuuza talaka ya Kiislamu. Kifungu cha 107, sehemu ya 3, kinasema hivi kwa ufupi: wakiwa wameoana kwa taratibu za Kiislamu, baraza la usuluhishi likathibitisha kwamba limeshindwa kuwapatanisha, na baada ya hapo mmoja wao akafanya tendo ambalo kwa sheria ya Kiislamu linavunja ndoa, mahakama itakubali kwamba ndoa imevunjika na itatoa talaka. Angalia mpangilio: baraza kwanza, talaka baadaye, kisha mahakama. Wengi wetu tunaanzia katikati.

Baraza na ile cheti ya miezi 6

Kabla ya kufungua shauri la talaka lazima mgogoro upite kwenye Baraza la Usuluhishi la Ndoa. Linaweza kuwa baraza la kata au baraza la dini lililotambuliwa, lenye mwenyekiti na wajumbe wasiopungua 2 wala kuzidi 5. Kazi yake ni kupatanisha. Halina uwezo wa kuvunja ndoa wala kugawa mali, hata kama wajumbe wake wamefanya hivyo miaka 20. Mzee akikuambia chukua sufuria na cherehani, yeye abaki na shamba, huo ni ushauri wake.

Likishindwa kupatanisha, linatoa cheti kinachosema limeshindwa. Cheti hicho ndicho kinachoambatanishwa na maombi ya talaka, na kisiwe kimetolewa zaidi ya miezi 6 kabla ya kufungua shauri. Kuna mashauri yaliyofika ngazi za juu, miaka imekwenda, mali imeshagawanywa, kisha yote yakafutwa kwa sababu cheti hakikuwepo au baraza liliandika barua isiyosema kwamba limeshindwa kuwasuluhisha. Kwa hiyo soma cheti kabla hujatoka ofisini. Kama hujui kusoma, mpe mtu unayemwamini akusomee palepale.

Kuna hali ambazo kifungu cha 101 kinaruhusu kwenda mahakamani bila baraza: mwenzako amekutelekeza na hujulikani aliko, yuko nje ya nchi na hatarajiwi kurudi ndani ya miezi 6, ameitwa kwa maandishi akakataa kufika, amefungwa kifungo cha maisha au kisichopungua miaka 5, ana ugonjwa wa akili usiopona, au mahakama imeridhika kuna sababu nyingine nzito inayofanya usuluhishi usiwezekane. Vipigo vya kuhatarisha maisha wakili anaviweka katika hoja ya mwisho hiyo, lakini anayepigwa aanzie polisi, dawati la jinsia na watoto. Kifungu cha 66 kinasema wazi hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kumpiga, mila iseme isemavyo.

Shauri lenyewe linaweza kufunguliwa Mahakama ya Mwanzo, ambayo iko karibu na wengi wetu na inaendeshwa kwa Kiswahili. Unajieleza mwenyewe. Kwa anayehitaji msaada, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, na huduma yao ni bure. Akikudai fedha ya kukuandikia, muulize ameandikishwa na nani. Ofisi ya maendeleo ya jamii wilayani ndiyo mahali pa kuulizia majina yao.

Ushahidi uko ndani ya nyumba yako

Mama wetu alipoambiwa athibitishe, alinyamaza, kisha akasema hana hati yoyote. Wakili akaanza kumuuliza. Kadi za kliniki za watoto zimeandikwa jina la baba? Ndiyo, zote tatu. Shuleni aliyeandikishwa kuwa mzazi ni nani? Wote wawili. Alipolazwa hospitali mwaka juzi nani alisaini kuwa ndugu? Mume. Nani alikuwepo mliponunua zile ekari 3 za jirani? Mwenyekiti wa kitongoji, na aliyeuza bado yu hai. Stakabadhi za chama cha msingi ziko wapi? Kwenye mfuko wa unga juu ya kabati, na nyingine alikwenda kupima korosho yeye mwenyewe. Kuna picha? Ya harusi ya mdogo wa mume, yeye amevaa sare ya upande wa familia.

Kwa mtu aliyesema hana kitu, huo ni mzigo wa kutosha kuingia nao mahakamani. Picha za stakabadhi zipigwe kwa simu sasa, zitumwe kwa dada au rafiki, maana kitu cha kwanza kupotea nyumba ikigombana ni makaratasi.

Watoto wake ni wa miaka 9, 6 na 2. Kwa aliye chini ya miaka 7, kifungu cha 125 kinaanza kwa kuamini kwamba ni vema akae na mama, ingawa hilo nalo linaweza kupingwa. Kwa mkubwa, mahakama itatazama kwanza ustawi wake, kisha matakwa ya wazazi, mila za jamii, na maoni ya mtoto mwenyewe kama ana umri wa kutoa maoni. Matunzo hayategemei ndoa kabisa. Zamani sheria ya watoto waliozaliwa nje ya ndoa iliweka kikomo cha shilingi 100 kwa mwezi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 iliifuta, na sasa kiasi hupangwa kwa kutazama kipato cha mzazi na mahitaji ya mtoto. Ofisa ustawi wa jamii anaweza kuanza nalo hata kabla baraza halijakaa.

Tulipoachana naye kwenye simu, mama alikuwa bado ndani ya ile nyumba. Wakili alimwambia asitoke, na Jumatatu apeleke malalamiko baraza la kata kwa maandishi, abaki na nakala yenye muhuri. Jumatano ijayo tutaendelea na swali la wale waliokuwa katika hali kama yake na mwanaume akafariki kabla lolote halijaamuliwa. Ujumbe wa kipindi tunaupokea kwa namba ileile ya kila siku. Andika wilaya yako, usiandike majina ya watu.